Nywele za Mke wa Fauzi

Toka mto Rovuma mpaka Palma hakuna mwanamke ajuaye habari za nywele kunizidi mimi, na nalisema hilo bila haya. Za kwangu mwenyewe, kweli, zimebaki chache hata chawa akipita anaonekana toka ng'ambo, Tanzania. Lakini si wamesema kinyozi hajinyoi? Basi tuziache zangu. Tuzitazame za Zuleica wa Quionga, mke wa Fauzi, ambazo zilipoanza kupukutika zilitaka kumzika mwanamume ambaye pale kijijini hakuna aliyeiona maiti yake.

Fauzi alikuwa mwashi. Siku vita vilipoingia Palma alikuwa kazini, anaaka kuta kwenye kambi ya watu wa gesi. Waliorudi walirudi. Wengine walipita porini wakatokea Tanzania, wengine walichukuliwa kwa mashua hadi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu huku Msumbiji, wengine walionekana mwaka wa pili, miguu imevimba, hawataki kuulizwa neno. Fauzi hakutokea upande wowote. Simu yake iliita kwa muda, kisha akawa anajibu yule mwanamke wa Kireno wa kwenye mtambo, asiyechoka kusema wala asiyejua mume wa mtu aliko.

Kaka yake, Aiuba, alitaka matanga yawekwe mapema. Aiuba ni mtu ambaye wali wa hitima huunusa kabla mgonjwa hajakata roho. Lakini mama yao, Bi Atija, alisimama uani mbele ya majirani na mwalimu wa chuoni, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasahau.

"Sikieni. Mwanamke akifiwa hufumuliwa nywele, na mafuta hayagusi mpaka eda iishe. Haya, mtazameni mkwe wangu. Amesukwa. Na Ijumaa nitamsuka tena. Maadamu kichwa hiki kinakunywa mafuta, nyumba hii haina marehemu. Mwenye machozi yake akayamwage kwao."

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Kila Ijumaa Bi Atija alikaa juu ya kigoda barazani, Zuleica akakaa chini kati ya magoti yake, na wanaume waliokuwa wakienda msikitini wakapita wakaona. Zilikuwa nywele za kuonwa. Nyingi, nzito, nyeusi, za kuvunja meno ya kitana. Mpita njia husalimu, kisha huuliza, "Na Fauzi hajambo?"

"Hajambo," hujibu Bi Atija, mkono haujasimama. "Yuko safarini."

Miaka ikapita hivyo, Fauzi safarini, nywele kichwani.

Kisha tumbo la Zuleica likaota uvimbe. Alitokwa na damu hata ndani ya kope pakawa peupe kama karatasi. Alipelekwa Palma, Palma wakampeleka Pemba, na huko akapasuliwa, ukatolewa uvimbe pamoja na vifuko vya mayai ya uzazi vilivyokuwa vimeshikana nao. Alirudi Quionga kwenye kiti cha mbele cha chapa, gari la abiria, ameshika tumbo kama mtu aliyeiba tikiti. Bi Atija alimpa uji wa mtama na supu ya samaki, akamwosha, akamgeuza kitandani. Kidonda kikafunga vizuri. Wote wawili wakadhani yameisha.

Ilikuwa mwezi wa Maulidi, Ijumaa moja pale barazani, Bi Atija akapitisha kitana kama siku zote. Kitana kikarudi na nywele. Si unywele mmoja au nywele mbili, kishungi kizima, kila unywele na kichwa chake kidogo cheupe upande wa mzizi.

"Umevuta, Mama?"

"Sijavuta."

Akapitisha tena. Kikarudi kingine. Zuleica aliviona vinaanguka mapajani mwake, na mabegani akasikia magoti ya mkwewe yanambana.

"Usigeuke," alinong'ona Bi Atija. "Mtu anapita. Cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, mwanangu. Cheka kama nimekuhadithia usiku wangu wa kwanza na baba mkwe wako."

Zuleica akacheka. Aliyepita alikuwa Zubeida, mke wa Aiuba, na ndoo ya maji kichwani.

"Mnafurahi wenzetu," alisema Zubeida.

"Tunafurahi," alisema Bi Atija.

Lakini upepo hauna adabu. Uliinua kishungi kimoja ukakiviringisha mpaka njiani, mbele ya miguu ya Zubeida. Alikitazama. Kisha akakizunguka kwa mbali, kama mtu anavyomzunguka nyoka aliyekufa, maana hana hakika kama kweli amekufa.

Tangu siku hiyo hazikukoma. Zilibaki kwenye mto wa kulalia, zilielea kwenye uji, zilinata kwenye sabuni. Nywele ya mtu haitupwi ovyo ikaokotwa na mwenye nia yake, kwa hiyo jioni Bi Atija alizikusanya kwenye pindo la leso, akachimba kishimo nyuma ya bafu, akazifukia.

"Tunazika kichwa," alisema siku moja, akipiga udongo kwa mguu, "na mwenye kichwa amesimama hapa anatutazama."

Tena nywele hazikuondoka peke yake. Ziliondoka na maji ya mwili. Ngozi ya Zuleica ilikauka hata ukipitisha kucha mkononi mwake unaweza kuandika alifu na be, kama ubao wa chuoni. Midomo ilipasuka. Macho yalikuwa kama yametiwa mchanga. Kichwani palitoka maganda meupe kama machicha, na mara nyingine joto lilimpanda ghafla, jasho likamtoka, kisha akabaki mkavu kuliko mwanzo.

Mkwe mwingine angenyamaza kwa heshima. Bi Atija aliwahi kuwa kungwi. Ulimi wake haukupata kuwa na mlango.

"Macho makavu, mdomo mkavu, ngozi kavu," alisema. "Na kwingine?"

"Mama!"

"Nauliza kama tabibu."

"Kwingine mgeni hajaja. Nitajuaje kama kisima kimekauka?"

Wakacheka, safari hii kicheko cha kweli, wakashikana mikono. Kisha Zuleica akalia, kwa kuwa mgeni mwenyewe alikuwa mtoto wa aliyeuliza.

Quionga mtu hakosi nazi. Bi Atija alikuna, akakamua tui, akalipika mpaka mafuta yakapanda juu na chini yakabaki makapi ya rangi ya kahawia. Akayapaka kichwani yakiwa bado moto. Kisha akasuka, na akasuka kwa kukaza. Katika fikira zake, nywele ni kama makuti ya paa: yakianza kuchomoka, unafunga kamba kwa nguvu zaidi. Kila Ijumaa alikaza kuliko Ijumaa iliyopita, hata nyusi za Zuleica zikawa zimeinuka kama mtu aliyeshtushwa. Na kila Ijumaa paji lake la uso likawa pana zaidi, na juu ya masikio pakatokea viwanja.

Ndipo akaja Aiuba, baada ya sala ya alasiri, amevaa kofia yake mpya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kofia ya nini leo? Nani kafa?"

"Ndilo lililonileta." Aiuba aliketi ukingoni mwa baraza, akavua viatu. "Mama, ulisema mwenyewe, watu walisikia. Maadamu kichwa kinakunywa mafuta. Sasa kichwa kinatema. Huko nje watu wanasema nywele zimejua kabla yetu. Wanasema mwili wa mke hupata habari za mume."

Zuleica alikuwa mlangoni, ameshika khanga kichwani. "Shemeji, mimi nimepasuliwa. Nimemwaga damu. Hilo tu."

"Shemeji, wangapi wamepasuliwa na nywele zao wanazo?"

"Sijui wangapi. Najua kichwa changu."

"Na mimi najua ndugu yangu." Sauti ya Aiuba ilishuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti ya mtu anayesikia njaa. "Kama yuko chini ya ardhi, hana hata hitima moja. Hata mbwa wa jirani amefukiwa. Hilo haliwaumi?"

"Na urithi wa minazi yake unakuuma pia?" aliuliza Bi Atija.

Aiuba alizitazama nyayo zake. "Minazi iko pale pale. Nasema la haki. Tufanye hitima, shemeji akae eda, ikiisha arudi kwao Palma aanze maisha yake. Wewe utahamia kwangu."

"Nikae na Zubeida?" Bi Atija alicheka bila meno kuonekana. "Bora mnizike na Fauzi."

Alipoona neno hilo limemtoka, akaligeuza upesi. "Sikiliza. Nywele huota. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na kichwa hiki bado kitupu, fanya hitima yako. Wali nitaupika kwa mkono wangu."

Aiuba akashika kofia yake, akaaga. Zuleica hakuamini masikio yake.

"Mama, umemweka mume wangu rehani kwa nywele zangu!"

"Aliwekwa zamani, mwanangu. Leo nimemnunulia miezi. Bila neno lile kesho yule angeleta mbuzi."

Zuleica hakulala. Kulipokucha alipanda chapa kwenda Palma, kwenye kituo cha afya, kwa muuguzi mmoja aitwaye Dona Hortênsia. Dona Hortênsia anatoka Inhambane, kusini kabisa, na Kiswahili chake amejifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo siku zote husema kama mtu anayeumwa. Alivaa glavu, akafungua khanga, akapekua kichwa pole pole.

"Aii," alisema. "Hapa hakuna ugonjwa. Nywele zimelala."

"Zimelala vipi, Dona?"

"Operação ni mshtuko. Damu nyingi imetoka, chakula kidogo. Mwili unasema: kwanza moyo, kwanza kidonda, nywele ngoja. Miezi inapita, zile zilizolala zinaanguka. Halafu zinarudi. Devagar. Pole pole."

"Na huku kukauka?"

"Mayai yametoka tumboni. Mwili wako umefika ubibi kabla ya wewe. Kunywa maji mengi. Ukitoka kuoga, ngozi bado mbichi, hapo hapo paka mafuta. Usioge sabuni ya kufulia. Kula samaki, maharage, matapa ya majani ya muhogo. Nitakupa vidonge vya damu." Kisha akashika msuko mmoja wa upande, akaunyanyua kwa vidole viwili. "Na hii? Nani anakufunga hivi? Hii ni kung'oa muhogo! Fumua. Zote. Usisuke tena mpaka zirudi zenyewe."

"Siwezi kufumua."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikifumua, mume wangu amekufa."

Dona Hortênsia aliuachia msuko. Alidhani Kiswahili chake kimemwangusha. "Repete, faz favor. Sema tena."

Zuleica akasema tena, akaeleza. Vita, simu, baraza, Ijumaa, mafuta, Ramadhani. Dona Hortênsia alisikiliza, glavu moja mkononi na nyingine ameivua, na foleni ya akina mama nje ikaanza kupiga mlango.

"Nywele haina habari za mtu," alisema mwishowe. "Nywele ina habari za damu tu. Waambie hivyo."

"Hawatakusikia wewe, Dona."

"Najua," alisema Dona Hortênsia. "Hata kwetu wasingenisikia."

Basi tazama mtego huo. Dawa ilikuwa kufumua, na kufumua ndilo vazi la mfiwa. Akisukwa, nywele zinakwisha na Ramadhani itamkuta na upara. Akifumua, kijiji kitamwona ameanza eda kwa mikono yake mwenyewe. Alirudi na hayo mawili kwenye chapa, njia nzima hakumjibu mtu salamu.

Bi Atija alisikiliza yote. Aliposikia habari za kung'oa muhogo alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu. Kisha akamkalisha mkwewe chini, akafumua. Alifumua kwa taratibu ya mtu anayetoa mwiba, na misuko mingine ilipofumuliwa haikubaki kichwani, ilibaki mkononi.

"Ndani utakaa wazi," alisema. "Nje ni shauri langu."

Shauri lake lilikuwa hili. Alimtuma Zuleica dukani akanunue mechas, zile nywele za plastiki wanazoshonea wasichana, akazisuka misuko mizuri myembamba, akaishona kwenye ukingo wa kilemba, mbele na nyuma. Ukikivaa kilemba, misuko inachungulia kana kwamba ina mwenyewe. Ijumaa wakakaa barazani. Bi Atija akatia kidole mafutani akapaka plastiki. Mafuta yakatiririka juu yake yakamdondokea Zuleica shingoni, yakamwingia mgongoni.

"Na Fauzi hajambo?" aliuliza mpita njia.

"Hajambo. Yuko safarini."

Uongo huo ulikwenda Ijumaa kadhaa. Ulifia kisimani.

Wanawake walikuwa wengi asubuhi ile, foleni ya ndoo imezunguka. Zubeida alimsogelea Zuleica, akatazama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Dada, zimerudi upesi! Tuambie dawa na sisi."

"Mafuta tu na dua."

"Maashallah. Ngoja, kuna jani limekuingia." Akanyoosha mkono, akashika msuko mmoja wa mbele, akavuta kidogo.

Labda alitaka kujua tu. Labda kweli palikuwa na jani. Kilemba kilitoka kizima na misuko yake yote, kikabaki kinaning'inia mkononi mwa Zubeida kama ngisi aliyevuliwa. Kichwa cha Zuleica kikabaki juani. Kilikuwa na vishungi hapa na pale, kati yake ngozi kavu inayobanduka, na juu ya masikio hakuna kitu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Wangecheka angewatukana, wangetukanana yakaisha. Bibi mmoja alisema, kwa sauti ndogo kama anayeusemesha moyo wake, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na wanawake wawili watatu wakaitikia. Zubeida mwenyewe aliogopa, akakiachia kilemba, kikaanguka topeni.

Zuleica alikiokota. Kilikuwa hakivaliki. Akajaza ndoo yake mpaka juu, maana zamu yake ilikuwa imefika, akajitwisha, akarudi nyumbani kichwa wazi njia nzima, maji yakimwagikia usoni, na watu wakimpisha kama wanavyolipisha jeneza.

Siku hiyo hiyo Aiuba alinunua mbuzi. Alimfunga uani kwake, na mbuzi yule alikuwa na roho nyepesi, akilia asubuhi na jioni kana kwamba aliyefiwa ni yeye. Mchele ukaletwa. Mwalimu wa chuoni akaambiwa ajiweke tayari mwisho wa Shaabani. Kwenye baraza hakuna tena aliyeuliza kama Fauzi hajambo. Walisema "Poleni," wakapita.

Ila aliyekwisha kuonwa uchi hana nguo ya kuiogopea. Zuleica aliacha kuficha, akafanya kama Dona Hortênsia alivyomwambia. Alikunywa maji mpaka tumbo likalia. Alikula matapa mpaka akayachukia. Akitoka kuoga, maji bado mwilini, alipaka mafuta, na ngozi ikaanza kuyakubali. Kucha ikipita, hapaandikiki tena. Jioni Bi Atija alimpaka kichwani kwa ncha za vidole, bila kuvuta, bila kusugua, kama anayempaka mtoto mchanga utosini.

"Unaona kitu, Mama?"

"Bado."

"Na leo?"

"Bado, mwanangu. Subira."

Bi Atija alikuwa amepunguza maneno. Hata matusi kwa mbuzi aliyaacha. Zuleica alidhani ni hofu ya hitima, akamwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Usiku ule wa kuamkia Alhamisi ya mwisho ya Shaabani alimwambia, "Mama, hata wakifanya, mimi sitakaa eda. Wanisemee wanavyotaka. Nikipata nguvu nitamfuata. Nitaanza na kambi za wakimbizi, moja moja, mpaka Nampula."

"Lala," alisema Bi Atija.

Alhamisi hiyo jua lilipoanza kulegea Zuleica alioga, akapaka mafuta mwilini, akabakiza kidogo kiganjani akajipitisha kichwani. Kiganja kikasimama. Akakipitisha tena, kutoka nyuma kwenda mbele. Palikuwa na kitu. Laini, kama mgongo wa kifaranga wa siku ya kwanza. Alikimbilia kioo kilichokuwa ukutani, akakisogeza mlangoni penye mwanga. Kwenye paji lote la uso, na juu ya masikio pale palipokuwa viwanja, vilisimama vinywele vifupi vyeusi, vimesongamana, vimenyooka juu kama mpunga uliotoka kitaluni.

Alisema Alhamdulillahi, akaisema tena. Katika akili yake mambo yalikuwa mepesi: Bi Atija alikwisha sema mbele ya Aiuba, kichwa kikiota hakuna hitima. Mbuzi atafunguliwa. Fauzi yuko hai kwa neno la mamake mwenyewe, na yeye ni mke wa mtu. Akafunga khanga kifuani akatoka mbio, hakuvaa hata ndara, kwenda chumba cha mkwewe.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Alisikia sauti ndani, akasimama, maana mtu hakatizwi kwenye dua. Bi Atija alikuwa kwenye msala, ameupa mlango kisogo, amemaliza Yasini na sasa anawarehemu wafu wake, kama watu wanavyofanya jioni ya kuamkia Ijumaa. Aliwataja mmoja mmoja, na kila mmoja kwa jina la mama yake. Wafu huombewa kwa mama zao, kwa kuwa baba ni habari ya kuambiwa, mama alikuwepo.

"Ya Rabbi, thawabu hizi zimfikie mama yangu, Nazira binti Mwanaisha. Zimfikie mume wangu, Abdurremane bin Salima. Zimfikie Fauzi bin Atija, aliyezikwa porini Mbau, hakuoshwa wala hakupata sanda. Umpunguzie uzito wa mchanga wake, Ya Rabbi. Umwambie nimeambiwa. Umwambie sikuweza kuja."

Zuleica aliinua pazia.

Bi Atija alimaliza dua, akajipaka viganja usoni. Hakugeuka. "Umeshaoga?" alisema. "Njoo nikupake."

"Nimekwisha kujipaka. Zimeota, Mama."

"Zimeota?" Hapo akageuka, akatazama kichwa cha mkwewe, na uso wake ukafanya furaha, ukaifanya vizuri. "Maashallah! Nilisema mimi! Si nilisema? Basi yuko hai. Kesho asubuhi namwendea Aiuba amfungue mbuzi wake. Na wewe tulia hapa, usinitajie tena mambo ya kambi. Mume akiwa hai hutafutwa? Hurudi mwenyewe."

"Umemtaja nani, Mama?"

"Wapi?"

"Kwenye dua."

"Wafu wangu. Mama yangu, mume wangu."

"Umemtaja Fauzi."

"Aa." Bi Atija alishika tasbihi, akaanza kuivuta punje moja moja. "Fauzi mwingine huyo. Mtu wa zamani, wa ukoo wetu. Alikwenda Mbau kulima, akafia huko huko. Wewe humjui, ulikuwa hujazaliwa."

Zuleica aliingia, akapiga magoti ukingoni mwa msala mpaka macho yao yakawa sawasawa. Hakupandisha sauti.

"Na huyo wa zamani, Mama, mama yake naye aliitwa Atija?"

Kidole cha Bi Atija kilikuwa kimeshika punje. Hakikuisukuma mbele wala hakikuirudisha nyuma.